New Dramatists, New York: nyumba inayompa mtunzi miaka saba

Ukishuka treni ya A, C au E pale 42nd Street, panda hadi 44th, kata kushoto, vuka 9th Avenue. Utaliona jengo lililokuwa kanisa. Nimeingia humo mara nne kama msikilizaji tu, bila kulipa kiingilio, na natamani watunzi wenzangu wa nyumbani wajue kinachofanyika ndani.

New Dramatists ilianzishwa 1949. Mtunzi wa tamthilia akichaguliwa, anakuwa mwenyeji wa nyumba hiyo kwa miaka saba na hatozwi hata senti. Anapata mahali pa kuandikia, maktaba, na kubwa kuliko yote, waigizaji na mwongozaji wa kuusoma muswada wake kwa sauti ungali mbichi. Hashurutishwi kumaliza tamthilia kwa tarehe fulani. August Wilson, mtunzi mashuhuri wa tamthilia wa Marekani, alipita hapa.

Mara ya mwisho nilikaa safu ya pili, kando ya mtunzi mwenyewe. Mbele waigizaji watano, stendi tano za karatasi, chupa za maji, basi. Kuna mahali mama anarudishiwa sanduku la mwanawe aliyefariki. Anafungua, kisha anaeleza kwa maneno mengi jinsi moyo unavyomuuma. Nyuma yangu mtu akakohoa, mwingine akajisogeza kitini. Mtunzi akachukua penseli akayafuta maelezo yote, mistari sita. Usomaji ulipokwisha aliomba ukurasa ule urudiwe. Safari hii mama alifungua sanduku, akatoa shati, akauliza nani amelifua. Ukumbi mzima kimya. Nilimtazama mtunzi: alikuwa ameishika penseli kwa mikono miwili.

Nilirudi nyumbani na uchungu. Miaka ya nyuma nikiwa Dar, shirika moja liliniagiza tamthilia kuhusu ndoa za utotoni, nikapewa wiki mbili. Ikaigizwa mara moja, kwenye uwanja wa shule. Bibi harusi mdogo alipomuuliza baba yake, "Mahari umeshakula?" watoto wakaangua kicheko, na mahali pale nilitaka walie. Kosa lilikuwa la sentensi yangu, wala si la yule binti aliyeigiza. Ningepata jioni moja tu ya kuisikia kabla, ningeirekebisha. Kesho yake picha zilikuwa zimeshapigwa, gari limeshaondoka. Muswada ninao mpaka leo, na kila nikiufungua nakisikia kile kicheko.

Hii ndiyo sababu naisifu huduma hii kuliko tuzo ya fedha. Fedha huisha, masikio ya watu ndiyo yanayomwonyesha mtunzi ukurasa uliolala. Kwetu pia mbegu ilishapandwa: Sundance Institute, taasisi ya Marekani inayosaidia watu wa filamu na tamthilia, waliwahi kuwakusanya watunzi wa Afrika Mashariki kisiwani Manda, Lamu, wakafanya kazi kwa utulivu. Ila hizo ni wiki chache. Tamthilia ya pili na ya tatu, zile ngumu, zinataka miaka.

Mwenye kutaka kwenda aelewe kwamba hapa haonyeshwi mchezo uliokamilika, wenye mavazi na mandhari. Nafasi za watunzi ni chache na waombaji ni wengi mno. Usomaji wote niliohudhuria ulikuwa wa Kiingereza, na hilo liliniuma kidogo, maana mahali kama pale Kiswahili kingefanya maajabu. Weka nafasi mapema, ufike kabla ya wakati, ukae mbele.

Kwangu ni nyota tano. Na sikuishia kusifu: tangu mwezi uliopita tunakutana Waswahili sita sebuleni kwangu Jersey City, kila Jumapili baada ya chakula, tunasoma kurasa kumi za mmoja wetu kwa sauti, mtunzi mwenyewe haruhusiwi kusoma wala kujitetea. Jumapili hii ni zamu ya ule muswada wangu wa Dar. Sentensi ya mahari nimeshaiandika upya mara tatu, na atakayesoma nafasi ya binti hajaiona bado.