Tahadhari: "mpingo" wa kupakwa rangi na mbao mbichi zilizofichwa kwa nta

Ndugu zangu mnaokereza mabakuli ya vipande (vipande vidogo vya mbao vinavyogundishwa kuwa pete, pete zikapangwa juu ya nyingine), kuna muuzaji mtandaoni anayetoa vifurushi vya mbao ngumu akidai ni mpingo na paduki (mti mwenye mbao nyekundu), zimekauka, tayari kwa gundi. Msinunue kwake. Mimi nilinunua, na bado inaniuma.

Nilitengeneza pete saba, kila pete vipande 12, kila ncha imekatwa kwa pembe ya nyuzi 15. Mnaoijua kazi hii mnajua vipande 84 vinakula siku ngapi: kukata, kupitisha kila ncha kwenye msasa, kuipanga pete bila gundi na kuinua kwenye taa mpaka mwanga usipenye popote. Zangu zilikaa vizuri kabisa. Nikafunga kwenye mashine, patasi ikaingia kama milimita mbili tu, maranda yakaanza kutoka meupe. Nikazima. Chini ya ule weusi kulikuwa na mti mweupe, laini, usio na undugu wowote na mpingo.

Paduki ilikuwa paduki kweli, ila mbichi. Juma la pili maungio yakaachia, moja ukucha unapita. Kipande kilichobaki nilikikwangua nta nikakipima: gramu 412. Baada ya majuma matatu kilikuwa gramu 351. Yote hayo ni maji aliyoniuzia. Na hapa si suala la hasara tu. Bakuli likiachia likiwa linazunguka, vipande vinakuja usoni.

Kuziba ncha kwa nta ni kawaida, huzuia ubao kupasuka. Ila ukiona nta pande zote sita halafu mtu anakwambia umekauka, kwangua nta upime uzito, kisha upime tena baada ya majuma kadhaa, kabla hujagusa msumeno. Mpingo halisi huzama majini. Hicho chake nilikitumbukiza kikaelea. Tena mpingo mara nyingi si mweusi tii kama mkaa, una hudhurungi au zambarau iliyokolea ndani yake, na karibu na gome huwa na utepe wa rangi ya maziwa. Kufuta kwa kitambaa chenye spiriti ili kuona kama rangi inatoka msikutegemee peke yake, maana hata paduki safi huachia wekundu.

Nilipomwuliza kuhusu vibali alinijibu havihitajiki. Si kweli. Mpingo uko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, pamoja na jamii yake yote ya Dalbergia tangu 2017, na mbao ghafi zikivuka mpaka bila karatasi zinaweza kukamatwa, hasara ikawa yako.

Nilipomtumia picha ya maranda alinibloku. Sasa amerudi kwa jina jingine, na picha ni zilezile: vipande sita juu ya gunia, cha kushoto kina ufa kwenye kona. Kama mnavyo vipande vyake, kwanguani kimoja leo, kabla hamjavifunga kwenye mashine.