Uzoefu wangu na mashine ya Vickers: kupima ugumu wa kompoziti baada ya kuimulika

Kwa muda mrefu nilipima ugumu wa kompoziti, yaani nyenzo ya kuzibia meno inayogandishwa kwa mwanga, kwa ncha ya probu (kifaa chembamba chenye ncha cha daktari wa meno) tu: nikishaimulika kwa taa ya bluu kwa sekunde 20, nilikwaruza juu, na ikiwa haikwaruziki nilihesabu kazi imekwisha. Aliyenitoa katika mazoea hayo ni mgonjwa aliyerudi na gego la chini linalomuuma. Nilipolifungua nikakuta sehemu ya juu ya kompoziti ni ngumu kama jiwe, ilhali ile ya chini kabisa ilichimbika kwa kifaa cha mkono kama nta. Ndipo nilipolipia muda wa kutumia mashine ya kupimia ugumu kwa njia ya Vickers katika maabara ya uhandisi.

Njia hiyo ilibuniwa Uingereza mwaka 1921 kwa ajili ya vyuma, na utaratibu wake ni rahisi kuuelewa. Almasi yenye umbo la piramidi hukandamizwa kwa uzito maalumu juu ya sampuli, kisha huinuliwa na kuacha alama ya mraba ambayo hupimwa kwa darubini kutoka kona hadi kona. Alama ikiwa ndogo, ugumu ni mkubwa.

Nilitengeneza vidonge vya unene wa milimita 2 ndani ya kalibu, nikavifunika kwa ukanda wa plastiki angavu, kwa kuwa oksijeni ya hewani huzuia tabaka la juu lisigande. Nilivimulika upande mmoja tu, nikaweka alama kuonyesha upande huo, kisha nikavihifadhi gizani katika nyuzi joto 37 kwa saa 24, maana kompoziti huendelea kukomaa hata baada ya taa kuzimwa. Kidonge cha kwanza kiliharibika mikononi mwa fundi wa maabara, ambaye alikipima bila kukisawazisha, na alama ikatoka imepinda kiasi kwamba kona zake hazikusomeka.

Kidonge cha pili ndicho kilichonifumbua macho. Kwa uzito wa gramu 200, alama ya upande uliomulikwa ilikuwa na mikromita 74, sawa na ugumu wa takriban 68. Upande wa chini ilifika mikromita 93, yaani 43. Hiyo ni asilimia 63 tu, wakati watafiti wengi hutaka ugumu wa chini usipungue asilimia 80 ya ule wa juu. Nilitazama ile alama kubwa kwenye darubini nikalikumbuka lile gego. Nilipomulika kidonge kingine kwa sekunde 40, ugumu wa juu ulikuwa 72 na wa chini 58, ambao umevuka kidogo mpaka huo.

Ninaisifu mashine hii kwa sababu inafichua kile ambacho probu haiwezi kukifikia. Hata hivyo, inadai subira, kwani kila kona husomwa kwa jicho na msomaji aliyechoka hukosea kwa urahisi. Tena haifai kushindanisha kompoziti za watengenezaji tofauti na kudhani kwamba iliyo ngumu zaidi ndiyo iliyoganda vizuri zaidi, kwa kuwa kiasi cha chembe za kioo zilizochanganywa ndani yake nacho huongeza ugumu. Linganisha juu na chini ya kompoziti ileile.

Kwa daktari asiye na maabara karibu, kipo kipimo cha kukwaruza kinachoelezwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 4049: unatoa kompoziti kwenye kalibu, unakwangua iliyobaki laini, unapima urefu uliosalia, kisha unaugawa kwa mbili. Hakina usahihi wa almasi, lakini huifichua taa iliyochoka. Yangu nimekwisha kuibadilisha, na mwezi ujao nitapeleka vidonge vya A4, ambayo ni rangi nzito ya kompoziti, kwa sababu rangi nzito hupitisha mwanga mchache kuliko nyepesi na ndiyo ninayoitumia kwa wagonjwa wangu wengi wazee.