Toyota Premio ya 2001–2007: jua injini kwanza

Premio hii ya bodi ya T240 bado ni sedani tunayoipendekeza, lakini usitoe pesa kabla hujajua ina injini gani. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo zilizoko sokoni huko zimeshapita mikononi mwa watu. Soma kibati cha chesisi: NZT240 ni cc 1500 (1NZ-FE), ZZT240 ni 1800 (1ZZ-FE), AZT240 ni 2000 (1AZ-FSE, ile ya D-4).

1NZ haina makuu. Mwaga oili kila kilomita 5,000, tia lita 3.7 pamoja na filta mpya, itakutumikia.

1ZZ ndiyo inayolalamikiwa zaidi, kwa kula oili. Pistoni zake za awali zina matundu madogo ya kurudishia oili nyuma ya ringi. Yakiziba masizi, ringi hukwama kwenye mfereji wake, na oili inayobaki kwenye ukuta wa silinda huungua. Ipime hivi: shuka mlima mrefu mguu ukiwa nje ya pedali ya mafuta, kisha kanyaga ghafla na mtu atazame nyuma. Wingu la moshi wa bluu halina mjadala. Oili nzito huficha tu tatizo, na kubadilisha sili za valvu peke yake mara nyingi ni pesa ya bure. Dawa ni pistoni mpya zenye matundu makubwa, ringi na sili, vyote kwa pamoja. Ukiamua kuvumilia, chomoa kijiti cha kupimia oili kila unapojaza tangi. Usisubiri taa nyekundu: hiyo huonya kuhusu presha, si kiwango, na ikiwaka mara nyingi umeshachelewa.

D-4 hatuishauri, hata bei ikishuka. Petroli hupulizwa ndani ya silinda moja kwa moja, hivyo valvu za hewa hazioshwi. Masizi yakijaa, silensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) inayumba. Nusa kijiti: oili iliyopita alama ya F (imejaa) na kunuka petroli huashiria sili ya pampu ya presha kuvuja. Kisha mulika tochi nyuma ya silinda hedi, upande wa dashibodi. Ukiona mkauko wa kulanti (maji ya kupozea injini) pale, huenda uzi wa bolti za hedi kwenye bloku umekufa. Gasketi mpya haitashika mpaka matundu yatobolewe upya na kuvishwa nyuzi za chuma.