Nilitoa B450 nikaweka B550, haya njo niliyoyaona mwenyewe huku Lubumbashi

Miye kazi yangu ni montaji, kukata na kuunganisha video za ndoa na dote, sherehe ya mahari, niko Kamalondo, na mashini yangu njo inalipa nyumba na masomo ya watoto, kwa hiyo nikibadilisha kitu ndani yake napima kabla na napima nyuma, naandika kwenye kaye, daftari langu. Miaka mitatu nimetumia karte meri, ile bodi kubwa vitu vyote vya kompyuta vinapofungwa, wengine wanaita mazabodi, yenye chipseti (chipu ya bodi inayounganisha vitu) ya B450, ya AMD ya mwaka 2018. Mwezi wa nane nikaitoa nikaweka ya B550, iliyotoka 2020. Prosesa ni ileile Ryzen 5 5600, RAM ileile giga 32, kadi ya grafiki ileile, disiki zilezile. Kilichobadilika ni bodi peke yake.

Muuzaji alinihakikishia kabisa, akasema yaya, yaani kaka, utaona, video itatoka kwa nusu ya muda. Nikatoa dola 135. Hiyo ni pesa ya ndoa moja ndogo, na sikuitoa kwa kucheza.

Kufika nyumbani nikafunga kila kitu, nikachukua ndoa moja niliyokuwa nimeshamaliza, saa moja na dakika 12, Full HD, rangi zimeshapangwa, nikaambia mashini itoe upya faili ya mwisho. Kwenye kaye, B450 ilikuwa dakika 38. B550 nayo dakika 38! Nikasema labda ni joto, maana madirisha yalikuwa yamefungwa, nikangoja usiku, nikafungua, nikarudia: 38. Kesho yake nikachukua video ya dote moja ya Ruashi, fupi zaidi, majibu yaleyale, zinapishana sekunde mbili tatu tu. Iliniuma kusema kweli, na njo maana naandika, sababu najua kuna vijana wengi sasa hivi wanaweka pesa pembeni wanunue bodi mpya wakifikiri njo itawapa mbio.

Nieleze vile ninavyoelewa. Zamani chipseti ilikuwa mkubwa kweli, RAM ilikuwa inapita kwake kabla ya kufika kwa prosesa, kwa hiyo chipseti mbaya ilikuwa inaharibu mbio ya mashini yote. AMD wakahamisha kazi ya kuongoza RAM ndani ya prosesa mwaka 2003 na Athlon 64, Intel wakafuata 2008. Leo RAM, tundu kubwa la kadi ya grafiki na disiki ya kwanza ya NVMe, zile ndogo za mbio, vyote vinaongea na prosesa moja kwa moja. Chipseti imebakia na USB, SATA ya disiki za kawaida, netiweki, na matundu ya chini. Ni mlinzi wa milango, hesabu za video hazipiti kwake.

Kuna papa mmoja, mzee depanere, pale soko la Kenya, mtaa wa huku huku Lubumbashi, anatengeneza kompyuta tangu zile za skrini nene, nikamwonyesha kaye yangu akanikalisha chini. Akanikumbusha chipseti ya 440BX ya Intel ya 1998. Mwaka 1999 Intel wakaleta 820, mpya, na RAM mpya ya Rambus yenye bei ya kutisha, na watu wakakuta 440BX ikisukumwa mpaka megahezi 133 inaipita kwenye vipimo vingi. Na zile 820 zilizofungwa RAM ya kawaida kupitia chipu ya kutafsiri zilikuwa na kosa, Intel wakaziita zirudishwe mwaka 2000. Akasema tena 2011, chipseti mpya za H67 na P67 zilitoka mwezi wa kwanza, mwezi haujaisha Intel wenyewe wakatangaza matundu ya SATA ya 3Gb/s yanaweza kuchakaa na muda, bodi zikarudishwa. Alikuwa anaongea anapangusa bodi na burashi ya meno, hana haraka, na nikaelewa kwa nini yeye hanunui kitu kabla hakijamaliza mwaka sokoni.

Sasa mbio yangu ya kweli niliipata wapi? Niliipata kwenye B450 ileile, mwaka jana, nilipotoa Ryzen 5 2600 nikaweka hii 5600. Ile video ya dakika 38 ilikuwa inachukua 61. Na hiyo nafasi kidogo ipotee, maana mwanzoni mwa mwezi wa tano 2020 AMD walisema chipseti za kundi la 400, B450 ikiwa ndani, hazitapokea prosesa za Zen 3, ukoo wa hii 5600, watu wakalalamika sana, mwezi huohuo wakageuza maneno. Kama wasingelalamika ningenunua bodi kwa lazima.

Ila kuweka prosesa mpya kwenye bodi ya zamani kuna saa moja ya kuogopa, na sitaisahau. Lazima usasishe BIOS, ile programu ya ndani ya bodi inayowasha mashini, kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado ndani. Nimeweka faili kwenye ufunguo wa USB, nimeanzisha, mstari unatembea, ufikapo asilimia 60 umeme ukakatika mtaa wote. Giza. Ile ondulere, kisanduku cha betri kinachoshika mashini umeme ukienda, ikaanza kulia pii, pii, na betri yake ni ya miaka miwili, nilikuwa sijui inaweza dakika ngapi. Nilisimama mkono kwenye kinywa, mke wangu ameshika tochi ya simu, hakuna aliyesema neno mpaka ikafika mia na mashini ikajiwasha yenyewe. Kama ingezima katikati, ile bodi ilikuwa imekufa, maana haikuwa na kile kitufe cha nyuma cha kuandika BIOS bila prosesa. Hii B550 yangu iko nacho, na kwa mtu anayeishi na umeme wa kuja na kwenda, kwangu hicho kitufe kina thamani kuliko herufi zote za kwenye boksi. Bodi zingine za B450 pia ziko nacho, zingine za B550 hazina, kwa hiyo angalia bodi yenyewe.

Ni wapi B550 imeshinda? Disiki. Niko na NVMe mbili. Kwenye B450 ya pili ilikuwa imepanda kwenye adapta kwenye tundu la chini, na matundu yanayotoka kwenye chipseti ya B450 ni PCIe 2.0 (PCIe ni njia ambayo kadi na disiki zinapitia, namba ikipanda na mbio inapanda), kwa hiyo disiki yenye uwezo wa megabaiti 3400 kwa sekunde ilikuwa inasoma 1600 tu. Kwenye B550 chipseti inatoa PCIe 3.0, disiki ikarudi kwenye 3400 yake, na adapta nimeitoa, lile tundu sasa liko na kadi ya kunasa video. Nikifungua ndoa yenye kamera nne, faili zote kwenye disiki ya pili, kurudi nyuma na kwenda mbele hakukwami tena. Hilo nimelihisi kwenye vidole, siku ya kwanza. Disiki ya kwanza sasa iko PCIe 4.0, kwenye kipimo inasoma karibu mara mbili ya zamani, kwenye kazi sijaona kitu.

Na kadi za kamera? Kadi zangu zinasoma megabaiti 90 kwa sekunde, moja ya giga 64 ilikuwa dakika 12, na leo ni dakika 12. Jumapili asubuhi niko na kadi sita mezani, hakuna chipseti itakayonisaidia hapo.

Bodi ya X570, chipseti ya AMD ya juu ya B550, ilinipita mkononi kwa bei nzuri, imetumika, nikaikataa. Nyingi ziko na feni kadogo juu ya chipseti, na huku kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa vumbi nyekundu linaingia mpaka ndani ya sahani, kale kafeni kangeshika mpaka lini? B550 inapoa na chuma tu, mwezi wa kumi na joto lake lote imepita bila kuzima hata siku moja. Ile shida ya USB kukatika katika ambayo AMD walikubali 2021 kwa bodi za kundi la 500 na kuitengenezea BIOS, miye sijaiona, yangu ilikuja na BIOS ya baada ya hapo.

Angalieni pia prosesa yenu kabla ya kulipia PCIe 4.0. Ukiwa na Ryzen 5 5500 au 5600G, hizo zinaishia PCIe 3.0, utafunga B550 na disiki ya bei kali na hautapata kitu. Kinyume chake kuna mdogo wangu mmoja wa Bel-Air alinunua kadi ya RX 6500 XT akaiweka kwenye bodi ya zamani, ile kadi inatumia njia nne tu za PCIe, kwenye 4.0 zinatosha, kwenye 3.0 inakabwa, akawa anailaumu kadi wiki mbili. Huyo njo mtu ambaye B550 ingemfaa.

Miye ningekuwa bado na 2600 na dola 135 mkononi, ningenunua prosesa asubuhi na mapema na bodi ningeiacha palepale. B450 yangu sikuiuza. Nimeirudishia ile 2600, iko Kipushi kwa dada yangu, anachapisha barua na kupiga kopi za karte delektere, kadi za wapiga kura, na juzi ameniuliza kama inaweza kuongezewa RAM, nikamwambia leta tu, matundu mawili bado wazi.