Mtambo wa biogesi wa mfuko kwa makombo ya jikoni: uzoefu wangu

Mtambo ninaouzungumzia, unaoozesha makombo ili kupata gesi ya kupikia, ni wa turubai zito la plastiki ya PVC, mita 6 za ujazo: 4 za uji (mchanganyiko wa mavi, makombo na maji), 2 za gesi. Uko nyuma ya mgahawa Morogoro na unalishwa makombo. Nimeridhika nao, ila si kwa sababu aliyoitoa muuzaji.

Yeye aliahidi kwamba mtungi tutausahau. Hesabu haiendi hivyo. Kilo moja ya makombo (ugali, wali, maganda ya viazi) hutoa takriban lita 100 za gesi. Kilo 20 kwa siku ni mita 2 za ujazo, na kila mita ina joto linalokaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi. Maharage yataiva na chai itachemka. Chapati za jioni zinabaki za mtungi.

Mfuko ulifungwa vizuri, bomba hovyo. Lilipitishwa likabonyea katikati, bila pa kutolea maji. Biogesi hutoka na mvuke. Ukipoa, maji hutuama pale chini, moto unarukaruka kisha unazima ilhali mfuko umejaa. Dawa ni kiungo cha T sehemu ya chini kabisa, chenye koki ya kumwagia. Kichujio nacho kilikuja na waya wa kung'aa wa kusugulia sufuria. Huo haushiki kutu, hivyo haunasi ile gesi ya mayai viza inayokula vichwa vya jiko. Weka wa chuma unaoshika kutu, ubadilishe ukishakuwa mweusi wote.

Kuanzisha ni ndoo 30 za lita 20 za mavi mabichi ya ng'ombe, maji kiasi hichohicho, halafu unajazia maji mpaka usawa wa tundu la kutokea. Subiri wiki 2 hadi 4. Gesi ya kwanza haiwaki, nyingi ni hewa ukaa. Iachie nje, mbali na moto. Ikianza kuwaka, lisha kilo 3 kwa siku, zilizosagwa na kuchanganywa na maji mara mbili yake, ukiongeza kila wiki.

Hapo kwenye kuongeza ndipo mitambo mingi hufa. Vijidudu vinavyogeuza chakula kuwa asidi huzaliana haraka; vinavyoila asidi na kutoa methani, gesi yenyewe inayowaka, ni vya polepole. Mwaga sufuria zima la pilau lililobaki harusini uone: mfuko unavimba, moto unafifia, tope linanuka siki. pH (kipimo cha uchachu) ikishuka chini ya 6.5 acha kulisha, tia chokaa kidogo kidogo na ndoo chache za mavi mabichi, usirudie chakula mpaka moto uwe wa bluu. Maganda ya machungwa na ndimu, kidogo sana. Mifupa, magunzi na maji yenye sabuni au jiki, kamwe.

Tope linalotoka mtamboni ndilo lililonifanya niuridhie. Gesi huondoka na kaboni. Naitrojeni, fosforasi na potasiamu hubaki. Naitrojeni nyingi iko katika amonia, kwa hiyo tope likianikwa juani inapeperuka. Punguza kwa maji mara mbili au tatu, mwaga jioni kwenye mfereji kando ya mashina, fukia papo hapo. Mchicha unalijibu upesi. Kwa mboga zinazoliwa mbichi, lisiguse majani. Kusema kweli, mtambo huu ungeuzwa kwanza kwa wenye bustani.