Sanduku la Star Trek, msimu wa pili: nunua kwa sababu ya mwandishi D.C. Fontana

Bei kwanza, maana ndiyo mtakayoniuliza. Shilingi 1,200. Muuzaji alianzia 2,000, nikajifanya naondoka, akaniita. Ni sanduku la DVD la Star Trek ile ya zamani, tamthilia ya safari za anga, msimu wa pili: vipindi 26 vilivyorushwa na kituo cha runinga cha NBC kule Marekani kuanzia Septemba 1967 hadi Machi 1968. Nililikuta kwenye kibanda cha vitabu vya mitumba katikati ya jiji la Nairobi, limebanwa kati ya vitabu vya marudio vya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, na Biblia zisizo na jalada. "Madam, hii ni orijino," akasema. Kwa hilo hakudanganya.

Kabla hujatoa pesa, ujue diski hizi ni za Kanda ya 1, yaani zilitengenezwa kwa ajili ya Marekani na Kanada. Deki yangu ya bei rahisi kutoka Luthuli Avenue ilizisoma bila maneno. Ya dada yangu, ghali na ya jina kubwa, ilizikataa katakata. Beba deki yako au mlazimishe muuzaji azijaribu mbele yako. Picha ni safi kuliko nilivyotarajia kwa kazi ya umri huu, ingawa usafi huo unaianika miamba ya plastiki na suti zilizoshonwa usiku. Mavazi ya kipindi kiitwacho "Friday's Child" sitayatetea mbele ya mtu yeyote.

Sikununua kwa sababu ya roketi lakini. Mimi ni sekretari katika ofisi ya mawakili, na nilinunua kwa sababu ya sekretari mwenzangu. Dorothy Catherine Fontana alizaliwa New Jersey mwaka 1939. Aliuza hadithi yake ya kwanza ya runinga mwaka 1960, akiwa na miaka 21, kwa kipindi cha kauboi kilichoitwa The Tall Man, huku akiendelea kuchapa kazi za wengine. Alijiandika D.C. ili anayefungua bahasha asome hadithi kabla ya kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Star Trek ilipokuwa ikiandaliwa yeye alikuwa sekretari wa Gene Roddenberry, mwasisi wake. Kisha akapewa mtihani: kuna muswada uliokwama, urekebishe, ukifaulu utakuwa mhariri wa hadithi. Muswada huo ulikuwa na mapenzi ya Sulu, rubani wa chombo. Fontana akamwondoa Sulu, mapenzi akampa Spock, yule asiyeonyesha hisia, na hadithi ikasimama. Ndicho kipindi cha "This Side of Paradise", kilichorushwa Machi 1967. Cheo akapata. Hakuwa ametimiza miaka 30.

Kipindi hicho kimo katika msimu wa kwanza, kwa hiyo usikitafute humu. Humu tafuta "Journey to Babel", alichokiandika yeye. Kama una jioni moja tu, tazama hicho na mengine uyaache.

Enterprise, meli ya anga ya tamthilia hii, imebeba mabalozi wa sayari mbalimbali wanaokwenda mkutanoni. Mmoja wao ni Sarek, baba yake Spock. Hawajaongea kama baba na mwana kwa miaka 18, kwa kuwa kijana alikataa chuo alichochaguliwa na mzee akaenda kuajiriwa jeshini. Niambie ni nyumba gani hapa Nairobi isiyoijua hadithi hiyo. Kazini nachapa barua za mirathi kila wiki, baba anamwandikia mwanawe kupitia wakili, nakala kwa chifu, na wote wawili wanakaa boma moja. Fontana haingizi kelele. Wawili hao wanazungumza kwa adabu, taarifa za kikazi tupu, na mama, Amanda, ndiye anayekwenda huku na huku akibeba yale ambayo hawasemi.

Halafu Sarek anaugua moyo, anahitaji upasuaji na damu, na damu inayomfaa anayo Spock. Wakati huohuo Kapteni Kirk amechomwa kisu, Spock ndiye anashika usukani, na anakataa kuondoka kwenye kiti: sheria ni sheria. Amanda anamfuata chumbani kumsihi. Anapoona maneno hayaingii, anamzaba kofi, anatoka. Mlango unajifunga. Spock anauendea, anaweka kiganja chake juu yake, basi. Nilirudisha nyuma nikatazama tena, kisha nikampigia mdogo wangu.

Kuna jambo jingine ambalo pengine ni sekretari tu angelitilia maanani. Jina la Uhura, afisa wa mawasiliano melini, halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili, lakini kazi yake kwa vipindi vingi ni kukaa na kidude sikioni na kusema simu imeingia. Mabosi wanapita mgongoni kwake. Katika "Journey to Babel" ni yeye anayenasa mawimbi ya siri, ni yeye anayegundua kwamba yanapokewa humohumo ndani ya meli, na ni yeye anayefuatilia hadi chumba cha mahabusu alikofungiwa aliyemchoma Kirk. Huko inaonekana chombo kilifichwa kwenye pembe ya kichwa chake. Aliyeandika hivyo alijua kwamba mtu wa simu ndiye anayesikia yote ofisini.

Kipindi cha "The Ultimate Computer" pia ni chake, ingawa wazo la awali lilikuwa la Laurence N. Wolfe. Inaletwa kompyuta, M-5, inayotaka kuendesha meli kwa watu 20 badala ya 430. Inapanga nani washuke sayarini, na Kirk hayumo orodhani. Inamhesabu kuwa mtu asiyehitajika. Uso wa Kirk hapo niliuona ofisini kwetu siku ile tulipoonyeshwa programu inayoandika barua yenyewe. Mwanasayansi aliyeiunda anaigizwa na William Marshall, mtu mweusi, bingwa kuliko wote ndani ya meli, na hakuna anayeshangaa. Hiyo ni Machi 1968.

Vipindi vingine vya sanduku hili ni mchanganyiko. Vingine vichekesho vizuri, vingine nilikwenda jikoni vikiendelea. Fontana aliacha uhariri kabla ya msimu wa tatu, na baadhi ya kazi zake za msimu huo zikatoka kwa jina la Michael Richards. Baadaye aliandika "Yesteryear" ya Star Trek ya katuni mwaka 1973, akashiriki kuandika kipindi cha kwanza cha Star Trek mpya mwaka 1987, akafundisha uandishi, na akafariki Desemba 2019 akiwa na miaka 80. Hayo hayamo sandukuni. Sanduku halikwambii habari zake kama inavyostahili, na hilo nalipunguzia nyota.

Nyota nyingine inakwenda na diski yenye "Friday's Child", iliyoganda pale mama mjamzito anapokimbilia milimani. Nilimrudishia muuzaji. Akaipangusa kwa shati lake, akaikagua juani, akanishauri niisugue na Colgate. Nilifanya hivyo. Sasa inaruka dakika mbili tu, na mtoto anazaliwa salama.

Nyota tatu kati ya tano kwa sanduku, tano kwa mwandishi. Msimu wa kwanza muuzaji anao, anataka 2,500. Nimemwambia 1,300, na bado hajanijibu.