American Beauty walibeba Oscar, ila mimi kura yangu nampa Serial Mom

Kuna muvi za Kimarekani ambazo mazingira yake ni yaleyale tu, mtaa tulivu nje ya mji, nyumba zimejipanga, majani yamekatwa vizuri, baba anaenda ofisini na mama anatabasamu mlangoni, halafu kamera ikiingia ndani unakuta hakuna anayemtaka mwenzake na chakula cha usiku kinaliwa kama watu wapo msibani. Wanaziita komedi. Na kweli unacheka, ila ni kile kicheko ambacho katikati yake unajiuliza mbona nacheka, huyu mtu si anaumia?

Nimezirudia kadhaa juzi kati hapa na nimekuja na msimamo ambao najua wengine watanirukia: iliyosifiwa kuliko zote siyo bora kuliko zote.

Tuanze na hiyo hiyo. American Beauty, 1999, dairekta Sam Mendes, na ilikuwa muvi yake ya kwanza maana kabla ya hapo alikuwa mtu wa majukwaa ya tamthilia Uingereza. Skripti ya Alan Ball. Ilichukua Oscar 5 ikiwemo ya muvi bora. Lester Burnham ana miaka 42, anakwambia mwanzoni kabisa kwamba hata mwaka hautaisha atakuwa kashakufa, kwa hiyo usinilaumu nimeharibu utamu, kajisema mwenyewe. Anachoka na kazi, anamtishia bosi mpaka analipwa mshahara wa mwaka mzima, anaenda kuomba kazi ya kuuza baga, ananunua gari aina ya Pontiac Firebird ya 1970 bila kumwambia mtu. Sehemu hizi zinachekesha kwelikweli sikatai. Pale mezani anaporusha sahani ya mboga ukutani halafu anakaa kuendelea kula kama hakuna kilichotokea, na mtoto anaangalia tu, aisee pale ukimya wenyewe ndo unachekesha.

Ila anayeibeba muvi ni Annette Bening, yule mke, Carolyn, dalali wa nyumba. Kuna sehemu ameapa kwamba lazima leo aiuze nyumba, anavua gauni anabaki na shumizi ili asijichafue, anasugua madirisha, anapiga deki, anaingiza wateja mmoja baada ya mwingine na kila mmoja anakunja pua, yeye bado anatabasamu anasifia bwawa ambalo halina cha kusifiwa. Jioni hakuna kilichouzwa. Anafunga mapazia, analia, kisha anajizaba makofi mwenyewe anajifokea anyamaze. Halafu anajifuta, anajinyoosha, anatoka. Basi. Haichukui muda lakini mule ndani kuna kila kitu ambacho muvi nzima inajaribu kusema, na inakisema bila kukuhubiria.

Shida yangu ni kwamba muvi yenyewe haimpendi huyu mama. Mume akiacha kazi na kuvuta bangi gereji tunaambiwa huyo ndo kajikomboa, mke akitafuta mwanaume mwingine na kujifunza kupiga bastola tunaambiwa mcheke huyu chizi. Hata ile sehemu ya kochi, wanakaribia kubusiana baada ya muda mrefu sijui wa kuishi kama wapangaji, mke anaona bia inataka kumwagika kwenye kochi la dola 4,000 anamwambia, mume anawaka kwamba ni kochi tu hilo. Tunatakiwa tuwe upande wa mume. Mi nilikuwa naangalia nikawaza, ndugu yangu si uweke tu hiyo bia chini? Na usisahau mzee mzima anamtamani rafiki wa binti yake, mtoto wa sekondari, na kamera inammwagia yule binti maua mekundu kana kwamba ni ndoto tamu. Leo hii ukiangalia unajikunyata.

Halafu mwisho unakuja na busara. Mfuko wa plastiki unapeperushwa na upepo, ule ule ambao kijana wa jirani alishasema hajawahi kurekodi kitu kizuri kama huo, marehemu anatusimulia uzuri wa dunia. Muziki wa Thomas Newman ni mtamu, picha alizopiga Conrad Hall ni za kutundika ukutani, lakini hapo komedi ishakufa zamani. Muvi iliyokuwa inawacheka watu wanaojifanya wana maisha mazuri inaishia na yenyewe kujifanya ina majibu. 7/10, na kati ya hizo nyingi ni za Bening.

Sasa njoo kwa Serial Mom ya John Waters, 1994. Ilipotoka haikuuza. Kathleen Turner ni Beverly Sutphin, mke wa daktari wa meno maeneo ya Baltimore, anapika, anasikiliza ndege, anatenganisha taka kama inavyotakiwa, na anaua watu. Sababu zake sasa! Mwalimu kasema kijana wake anaangalia sana muvi za kutisha, anamgonga na gari. Mama mmoja anarudisha kanda za video bila kuzirudisha mwanzo, anapigwa na paja la kondoo mpaka anakufa. Kuna jirani aliwahi kumuibia nafasi ya kupaki, huyo anapigiwa simu za matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Turner anayatoa kwa ile sauti yake nzito akiwa amekaa kitandani kwake, msafi, nywele zimetulia, anafurahi kama mtoto.

Uzuri wake ni kwamba hakuna sehemu hata moja unaombwa umuonee huruma. Haelezwi alilelewaje, mume hajawa mkorofi, hakuna machozi. Beverly ni sheria za mtaa wenyewe zimepewa mikono: funga mkanda wa gari, rudisha kanda mwanzo, usivae viatu vyeupe baada ya siku kuu ya wafanyakazi ya Septemba. Hasira ambayo Carolyn anajipiga nayo makofi, huyu anaitoa nje kwa majirani. Na watoto wake wakati mama yupo mahakamani mmoja anauza fulana mwingine anapanga dili la kutengeneza filamu ya tivii, yaani Waters aliona mapema kabisa watu watakavyowageuza wauaji kuwa masta. 9/10, nimekata moja kwa sababu katikati kuna kufukuzana kwingi.

Kitu kingine, ukiziangalia hizi muvi mfululizo utagundua familia karibu zote ni wazungu. Haikutokea bahati mbaya. Levittown ya New York, mtaa uliokuja kuwa mfano wa mitaa hii, ulijengwa kuanzia 1947, nyumba zaidi ya 17,000 zinazofanana, na mikataba ya mwanzo ilikataza mtu asiye mzungu kuishi humo. Kwa hiyo hayo majani ya kijani yalikuwa na siri hata kabla baba hajachoka na ndoa. Ni muvi chache zinazogusa hapo, nyingi zinaishia chumbani.

Ya tatu ni A Serious Man ya ndugu wawili Coen, 2009, stori ya Minnesota mwaka 1967. Mwalimu wa fizikia Larry Gopnik anaambiwa na mkewe kwamba anataka talaka aolewe na Sy Ableman, na Sy anamkumbatia Larry kumfariji! Larry ndo anahama kwenda moteli. Anaenda kwa marabi, yaani viongozi wa dini yake ya Kiyahudi, kuuliza kwa nini Mungu anamfanyia hivi, hapati cha maana, na muda wote kijana wake shida yake moja tu, antena ya tivii haishiki vizuri. Michael Stuhlbarg anacheza kwa uso wa mtu anayesubiri kuambiwa ni utani. Haichekeshi kwa sauti, inachekesha baadaye ukiwa unaoga. 8/10.

Na wale watakaouliza mbona sijaweka Happiness ya Todd Solondz, 1998, ni muvi kali na imeandikwa kwa akili ila ndani yake kuna baba anayedhuru watoto na haikuruhusu ugeuze macho, sikwambii uangalie wala usiangalie. Ukiamua, usiiweke sebuleni na wazazi.